Mazungumzo Binafsi

Kwanza niliweka kamba: mita kumi kwa kumi,
vigingi vinne, na tope lililonifika magotini
likameza kiatu cha kushoto, cha kuazima.
Ukunjwi, maji yametoka, saa moja ya asubuhi,
chaza wamefumba midomo kwenye mizizi,
nami na penseli (wino hauaminiki huku)
nahesabu wazima, nahesabu miche,
kisha visiki, maana fomu ina safu ya visiki.

Mkandaa. Mkandaa. Msinzi mmoja.
Mchu uliokatwa ukachipua tena, kwa ujeuri,
vijiti saba katika jeraha moja.
Mkandaa. Kisiki. Kisiki. Kisiki.

Dokta Asaa aliniasa kule Tunguu
akigonga meza kwa kifuniko cha kalamu:
"Mtafiti asiwe ndani ya sampuli yake.
Chagua kwa bahati nasibu, usichague kwa moyo."
Basi kompyuta ndiyo iliyochagua.
Ilitema namba, namba zikawa mahali,
na mahali pakawa hapa, nyuma ya kisima chetu,
hatua mia mbili toka jiko la mama.

Kisiki cha arubaini na moja
kimekatwa mshazari, na mshazari wenyewe
umelalia upande usio wa watu wengi.
Panga lilishikwa kwa mkono wa kushoto.
Naujua mkono huo. Ndio unaomenya muhogo,
ndio uliokatazwa chuoni kushika kalamu,
mwisho ukaacha kalamu, haukuacha kushoto.

Fomu inauliza: mwaka wa kukatwa, kwa kukadiria.
Sina la kukadiria. Ulikuwa mwaka wa ada.
Boriti ziliuzwa kwa korija, kwa fundi wa Wete,
usiku, kwa kumkwepa bwana misitu,
korija tisa,
nami nikapanda meli Mkoani
na begi ambalo bado lilinuka duka.

Fomu inauliza: sababu. Visanduku vinne:
kuni, chokaa, ujenzi, nyinginezo.

Jioni nilimkuta anachagua mchele.
Nikamsomea ridhaa, kama ninavyomsomea kila mhojiwa:
una haki ya kutojibu, una haki ya kuacha
wakati wowote, bila kutoa sababu.
Akacheka mpaka ungo ukatikisika.
"Weye! Haki hiyo ungenipa mwaka ule."
Kisha, bila kuinua uso:
"Mchu ukiukata hurudi. Mkandaa haurudi.
Nilijua. Kila nilipopiga nilijua.
Lakini mchu umepinda, nani atanunua?
Kinachokatwa ni kilichonyooka."

Nusu ya maneno hayo nimeyasaka miezi mitano
katika makala za watu wa mbali,
kurasa kumi na mbili na jedwali.
Ile nusu nyingine sikuikuta popote.
Yeye kayasema huku anatoa mawe kwenye mchele.

Sasa umeme umekatika. Naandika kwa kibatari,
nimefika kwenye marejeo. Mwongozo unataka
jina, mwaka, mahali.
Nimeandika: Bikombo Shaame Faki,
mazungumzo binafsi, jikoni.
Pale kwenye sababu nimechora kisanduku cha tano,
rula sina, nimetumia ukingo wa kitambulisho cha chuo.
Ndani yake niliandika: mimi.
Nikafuta. Nikaandika: ada ya masomo.
Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga
lile la kwanza bado linasomeka.

Kesho maji yatatoka saa mbili kasorobo.
Nimekwisha kunja kamba, nimekwisha chonga penseli,
ndipo aliposema toka upande wa pili wa ukuta,
kwa sauti ya mtu niliyedhani amelala:
"N'amshe. Nitakwenda nawe.
Peke yako hutaviona vyote.
Vingine nilivifukia tope."